Chombo Kipya, Ramani Kuukuu



Tangu zamani watu wetu huonyana juu ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mnunuzi hutoa fedha yake kamili, hupokea gunia lililokwisha kufungwa kamba, na ni mpaka afike nyumbani na kulifungua ndipo atambuapo kama mbuzi yu mzima au yu kilema. Juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya gunia la namna mpya. Halikushonwa kwa katani. Ni kioo chenye kung'aa kilichofungwa mbele ya usukani wa pikipiki, na kilichomo ndani yake ni ramani.

Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani huuzwa pikipiki kubwa za safari ndefu, ambazo bei yake mara nyingi hupita bei ya gari dogo. Nyingi katika hizo zimejengewa mtambo wa kuonyesha njia. Kwa mfano, kampuni ya Honda iliweka mtambo wa namna hiyo katika pikipiki yake iitwayo Gold Wing, toleo la mwaka 2006. Basi yatokea mara kwa mara kwamba mtu hununua pikipiki mpya kabisa, akaiwasha kwa furaha, kisha akagundua kwamba ramani iliyomo ni ya mwaka uliopita au wa mwaka juzi. Barabara mpya iliyo karibu na kwake haimo. Akimwuliza muuzaji, huambiwa kwamba ramani mpya ipo tayari, lakini sharti ailipie.

Je, ni haki? Labda msomaji wetu wa Songea au wa Kahama atasema, “Hayo ni mambo ya matajiri wa mbali, yanatuhusu nini sisi?” Sisi twaona yanatuhusu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, jambo hili lagusa amri ya saba ya Mungu, na amri hiyo haina mpaka wa nchi. Ya pili, vitu vyenye ramani na programu ndani yake vimekwisha kuingia nyumbani mwetu, na kila mwaka vitazidi. Yafaa tujue mapema jinsi ya kuvipima kwa mizani ya haki.

Kwanza tuufahamu mtambo wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba njia huonyeshwa na setilaiti. Sivyo. Setilaiti za GPS ni mali ya serikali ya Marekani. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, nazo huzunguka dunia kwa umbali wa kilometa kama 20,000 juu yetu. Kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo, wala hazisemi zaidi ya hayo. Chombo kilicho mikononi mwetu hupokea matangazo ya setilaiti nne au zaidi, kikafanya hesabu, kikajua kilipo. Mwaka 1983, baada ya ndege ya abiria ya Korea Kusini kupotea njia na kutunguliwa na jeshi la Urusi ya Kisovieti, watu 269 wakafa, Rais Reagan alitangaza kwamba mtambo huo utafunguliwa kwa matumizi ya raia bila malipo. Hata hivyo matangazo ya raia yalififishwa kwa makusudi mpaka mwezi Mei mwaka 2000, yalipoachwa yawe sahihi kwa wote. Tangu hapo mvuvi wa Bagamoyo na rubani wa ndege hupokea sauti ileile, bure.

Lakini setilaiti haijui barabara, wala daraja, wala parokia. Yaweza tu kukuambia, “Hapa ndipo ulipo.” Kilichopo mahali hapo, kama ni lami au ni mto, huelezwa na ramani, na ramani ni kazi ya mikono ya watu. Wako watu wanaopita barabarani na magari yenye kamera, wako wanaolinganisha picha zilizopigwa kutoka angani, wako wanaoandika kila njia iliyofungwa na kila kona iliyokatazwa. Kazi hiyo ina gharama, tena haina mwisho, maana kila siku mahali fulani duniani pana barabara inayofunguliwa na nyingine inayofungwa.

Ramani ikisha kukusanywa, hutengenezwa upya ili iingie katika mtambo wa pikipiki, hujaribiwa, kisha hufungwa humo. Pikipiki husafirishwa kwa meli, hukaa bohari, husimama dukani ikingoja mnunuzi. Kutoka siku ile ramani ilipofungwa mpaka siku mnunuzi apewapo ufunguo, miezi mingi yaweza kupita, pengine hata mwaka na zaidi. Ndiyo maana yawezekana pikipiki ambayo tairi zake hazijagusa vumbi ikabeba ramani iliyokwisha kuzeeka. Mafuta yake mapya, betri yake mpya, rangi yake mpya. Ujuzi wake tu ndio mkuukuu.

Na ujuzi mkuukuu si jambo la kuchekea. Tarehe 14 Agosti mwaka 2018 daraja la Morandi katika mji wa Genoa, Italia, lilianguka na watu 43 wakapoteza maisha; daraja jipya lilifunguliwa mwezi Agosti mwaka 2020. Tarehe 26 Machi mwaka 2024 meli kubwa ya mizigo iligonga daraja la Francis Scott Key huko Baltimore, Marekani, nalo likaanguka majini pamoja na mafundi waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara. Sita kati yao walikufa. Ramani iliyofungwa mwaka 2023 ingeendelea kumwelekeza msafiri wa Baltimore kwenye daraja lisilokuwapo. Hata hapa kwetu, mwezi Juni mwaka 2025, lilizinduliwa daraja la Kigongo na Busisi lenye urefu wa kilometa tatu juu ya Ziwa Viktoria. Ramani ya mwaka mmoja kabla ya hapo ingemwambia mgeni atokaye Mwanza kwenda Sengerema na Geita asubiri kivuko.

Ni kweli kwamba mahali pa hatari kama hizo huwekwa vizuizi na alama, na mwenye busara hutazama mbele yake. Walakini mwendesha pikipiki si kama mwenye gari. Hana bati la kumkinga. Akiambiwa ghafula usiku, katika mvua, kugeuka kushoto mahali ambapo njia imekwisha kufanywa ya upande mmoja, kosa la nukta chache laweza kuwa msiba wa nyumba nzima. Mke na watoto wanaomngoja hawatafarijiwa na habari kwamba ramani sahihi ilikuwapo, ila haikulipiwa.

Sasa tumsikilize muuzaji, maana si haki kumhukumu mtu asiyesikilizwa. Yeye hujitetea kwa maneno matatu. Kwanza asema kwamba ramani zote huzeeka. Hata ukiihuisha leo, kesho itakuwa nyuma. Pili asema kwamba watu wanaoipima nchi wanastahili kulipwa. Tatu asema kwamba mnunuzi ni mtu mzima, na mwenye macho haambiwi tazama. Kama alitaka kujua umri wa ramani, angeuliza.

Neno la kwanza ni la kweli. Hakuna dhambi katika kuzeeka kwa ramani. Dunia ndiyo inayobadilika, na hakuna fundi awezaye kuuza kitu kisichopitwa na wakati.

Neno la pili nalo ni la kweli, tena Kanisa limelisema kwa nguvu kuliko wafanya biashara. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwamba mtenda kazi anastahili ujira, na Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu aliitetea haki hiyo katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891. Mtu asidhani kwamba kazi isiyoshikika kwa mkono si kazi. Mpima barabara, mchora ramani, mwandishi wa programu, wote wana jasho lao na watoto wao. Anayetaka ramani ya bure daima kwa sababu haioni ikiwa na uzito wa chuma, huyo naye ajiulize kama hataki kuvuna asipopanda.

Lakini tuangalie vizuri maneno hayo mawili yathibitisha nini. Yathibitisha kwamba habari zilizopatikana baada ya siku ya mauzo zaweza kuuzwa kwa bei ya haki. Hayathibitishi hata kidogo kwamba mnunuzi alipe mara ya pili kwa habari zilizokuwa zimekwisha kujulikana na kuchorwa kabla hajatoa fedha yake. Hapa ndipo penye fundo la jambo lote. Neno “mpya” lina maana, nalo ni sehemu ya bei. Mtu anunuapo pikipiki mpya pamoja na mtambo wa njia, hanunui kioo kitupu, anunua uongozi. Ikiwa siku hiyohiyo uongozi bora zaidi wa mtambo uleule upo tayari, nao umefichwa nyuma ya malipo mengine, basi kilichouzwa kwa jina la kipya hakikuwa kipya katika sehemu hiyo.

Twaja kwenye neno la tatu, kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Juu ya hilo Mtakatifu Thomas wa Akwino alifikiri zaidi ya miaka mia saba iliyopita, katika kitabu chake kikubwa cha Teolojia, alipouliza kama muuzaji amefungwa kutaja kasoro za kitu anachouza. Akatofautisha kasoro zilizo wazi na zilizofichika. Farasi mwenye chongo huonekana kwa kila mtu. Muuzaji akipunguza bei kwa haki, halazimiki kuipigia mbiu kasoro hiyo. Lakini kumwuzia mtu farasi mwenye kuchechemea kana kwamba ni mwepesi wa mbio, au nyumba iliyo karibu kuanguka kana kwamba ni imara, au chakula kilichoharibika kana kwamba ni kizuri, hiyo ni hila. Kwa maana kasoro imefichika, nayo humletea mnunuzi hasara au hatari. Muuzaji anayeijua na kunyamaza anadaiwa kulipa hasara hiyo.

Basi ramani kuukuu ni chongo au ni kuchechemea? Sisi twaona ni kuchechemea. Umri wa ramani hauonekani kwa macho. Haukuandikwa juu ya tangi la mafuta. Ili kuujua, sharti mtu awashe mtambo, apite katika kurasa kadhaa za kioo, atafute mahali palipoandikwa toleo kwa tarakimu ambazo pengine hata mwuza duka hazielewi. Tena mnunuzi hajui kwamba kuna kitu cha kuuliza, maana neno “mpya” limekwisha kumtuliza. Ni kweli kuuliza si ujinga. Lakini mtu huuliza pale tu anapokuwa na shaka, na muuzaji ndiye aliyeiondoa shaka hiyo.

Hata wapagani waliona jambo hili. Cicero wa Roma, katika kitabu alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristo, aliweka mfano wa mfanya biashara aliyepeleka nafaka toka Aleksandria kwenye kisiwa cha Rodi wakati wa njaa. Njiani amepita meli nyingine nyingi zenye nafaka, zinakuja nyuma yake. Je, awaambie wenye njaa, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Cicero alitoa hukumu kwamba mtu mwema hangewaficha. Alisema kwa akili kubwa kwamba kunyamaza si lazima kuwe kuficha. Lakini kutaka wengine wasijue unalolijua, kwa ajili ya faida yako mwenyewe, nao wana haja ya kulijua, huko ndiko kuficha. Mtakatifu Thomas hakumfunga mfanya biashara wa namna hiyo kwa wajibu wa haki, kwa sababu meli zijazo ni jambo la kesho, nayo yaweza kubadilika. Ila alisema kwamba akitaja, fadhila yake ni kubwa zaidi. Msomaji na alinganishe. Ramani mpya si meli iliyo mbali baharini. Imekwisha kutia nanga, shehena yake imo ghalani mwa muuzaji. Hapo hatuzungumzi tena juu ya ukarimu; twazungumza juu ya haki.

Kwa hiyo hukumu yetu ni nyepesi kueleweka. Muuzaji ana njia mbili za uaminifu. Ya kwanza, aihuishe ramani kabla ya kukabidhi ufunguo, kama vile anavyojaza upepo tairi na kukaza nati. Ya pili, aseme wazi, “Ramani iliyomo ni ya mwaka fulani, iliyo mpya ipo, na bei yake ni hii,” kisha ampunguzie mnunuzi au amwache achague akiwa anajua. Akisema hivyo, na mnunuzi akakubali, hakuna dhuluma. Ukweli ukitangulia, bei hufuata mahali pake. Ni ule ukimya katikati ya fedha na ufunguo ndio unaochafua biashara.

Wala tusiseme kwamba twadai yasiyowezekana. Kampuni mbili kubwa za vyombo vya njia, Garmin ya Marekani na TomTom ya Uholanzi, zimepata kuahidi kwamba mnunuzi wa chombo kipya akikuta ramani mpya zaidi imetoka, ndani ya siku kadhaa tangu alipoanza kukitumia, ataipewa bila malipo. Na Umoja wa Ulaya mwaka 2019 ulitunga kanuni mbili, zikaanza kutumika tarehe 1 Januari mwaka 2022. Moja yataka kitu cha kidijiti kinachouzwa kiwe katika toleo la karibuni lililopo siku ya mapatano, isipokuwa pande mbili zimepatana vingine. Ya pili, inayohusu bidhaa zenye programu ndani yake, yamdai muuzaji ahakikishe kwamba mnunuzi anaarifiwa na kupewa mahuisho yanayohitajika ili bidhaa ibaki katika hali iliyoahidiwa. Hivyo sheria za watu zimeanza kukaribia mahali ambapo dhamiri ilikuwa imesimama zamani.

Liko jambo jingine lenye uzito. Mitambo mingi iliyojengwa ndani ya chombo haikubali ramani ya mtu mwingine. Mnunuzi akiona bei ya ramani ni kubwa kupita kiasi, hawezi kwenda duka la pili, maana mlango ni mmoja na bawabu ni yule yule aliyemwuzia nyumba. Mtakatifu Thomas alifundisha kwamba si halali kupandisha bei kwa sababu tu mnunuzi ana haja kubwa, wakati muuzaji mwenyewe hapati hasara yo yote kwa kukiachia kitu hicho. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, ikieleza amri ya saba, yahesabu miongoni mwa makosa tendo la kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzi. Mwenye kufuli ana wajibu mkubwa kuliko mwenye duka la wazi, kwa kuwa aliyefungiwa hana mtu mwingine wa kumwendea.

Tena hufika siku ambapo mtengenezaji huacha kabisa kutoa ramani za mtambo wa zamani. Injini yaunguruma vizuri, lakini kioo kimebaki na dunia ya miaka kumi iliyopita. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alihuzunika juu ya tabia ya kutumia na kutupa. Chombo kilichotengenezwa kwa namna ya kukifanya kizee kabla ya wakati wake ni mtoto wa tabia hiyo. Labda ndiyo sababu watengenezaji wengine wameanza kuifungua njia: Gold Wing yenyewe, katika toleo la mwaka 2018, iliwezeshwa kuunganishwa na simu ya mwendeshaji, ili ramani ya simu ionekane katika kioo cha pikipiki. Tena tangu mwaka 2004 ipo ramani ya dunia iitwayo OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea na kutumiwa na wote bure. Mwaka 2015, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, wanafunzi na wananchi wa Dar es Salaam walianza kuzichora kata zinazopatwa na mafuriko na kuziweka humo. Ujira wa mchora ramani ni haki. Na mchora ramani akipenda kutoa kazi yake iwe zawadi kwa jirani, hiyo ni sadaka nzuri.

Tumekwisha kufika nyumbani, basi tujitazame wenyewe. Ni nani asiyepata kuona gari lililotumika, lililonunuliwa kutoka Japani, ambalo kioo chake husema Kijapani na ramani yake ni ya Tokyo na Osaka? Dereva yuko Chalinze, kioo chaonyesha bahari au weupe mtupu. Hapo hatulalamiki, kwa sababu kasoro ni ya wazi: ni farasi mwenye chongo, na bei yake imeshuka kwa haki. Lakini dalali anayemwambia mkulima aliyeuza ng'ombe zake, “Mtambo huu wa njia unafanya kazi,” naye ajua kwamba haufanyi kazi katika nchi hii, huyo amekwisha kuingia katika hila ileile tuliyoilaumu kwa wauzaji wa mbali.

Na tusiishie kwa madalali. Yule anayeuza simu “mpya” ambayo programu zake haziwezi tena kuhuishwa. Yule mwenye duka la pembejeo anayempa mkulima mbegu za msimu uliopita katika mfuko unaong'aa. Yule fundi anayeweka kipuri kilichotumika na kudai bei ya kipya. Yule mwanafunzi wa zamani anayemwuzia mdogo wake vitabu vya mtaala uliokwisha kuachwa: hawa wote huuza ramani kuukuu kwa jina la chombo kipya. Wengi wao huonekana kanisani siku ya Dominika. Hawakuvunja mlango wa mtu usiku, na kwa hiyo hujiona wametimiza amri. Walinyamaza tu. Lakini mkulima aliyepanda mbegu isiyoota hasara yake ni ileile kana kwamba mwizi ameingia ghalani.

Nao wanunuzi wana wajibu wao. Mkristo asione haya kuuliza dukani: kitu hiki kilitengenezwa lini, programu yake ni ya mwaka gani, itahuishwa mpaka lini, na kwa bei gani? Aombe jibu liandikwe katika stakabadhi. Akiwa njiani, asikabidhi akili yake kwa kioo. Mungu amempa macho ya kuitazama barabara iliyo mbele yake, na ulimi wa kumwuliza mwenyeji. Ramani ni msaidizi. Haijapata kuwa barabara, na haitakuwa. Wala mnunuzi asigeuke kuwa dhalimu kwa upande wake, akiiba kazi ya mchora ramani kwa njia za panya kwa kuwa bei haikumpendeza. Dhuluma ya muuzaji haitibiwi kwa dhuluma ya mnunuzi.

Mwishoni twapenda kusema neno moja na wazazi. Watoto wetu hujifunza amri ya saba katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Mwalimu huwaambia wasiibe kuku, wasiibe mahindi, wasiibe senti mezani kwa mama. Ni vizuri. Lakini wengi wetu tumeishia hapo, tukakua, tukafungua maduka, tukaajiriwa, huku dhamiri yetu ikitembea bado na ramani ile ya utoto. Sheria ya Mungu haizeeki. Ni ujuzi wetu wa mahali inapopita ndio unaozeeka, kwa maana biashara imefungua barabara ambazo mwalimu wetu wa zamani hakuzijua. Wizi wa leo mara nyingi hauna panga wala giza. Una risiti, una tabasamu, una kioo kinachong'aa.

Basi jioni moja, baada ya Rozari, baba au mama na awaulize watoto swali hili: mtu akiuza kitu akijua kasoro ambayo mwenzake haioni, naye akanyamaza, ameiba au hajaiba? Waacheni wabishane kidogo. Kisha waambieni kwamba jibu lao ndilo watakalolichukua siku watakaposimama wao wenyewe nyuma ya meza ya duka, ufunguo mkononi, na mnunuzi aliyewaamini mbele yao.